Mgeni Niliyemdhamini

Mjukuu wangu Divine,

Huku Remera, Kigali, tu wazima. Bibi yako goti limepoa, sasa anakwenda kanisani kwa miguu.

Umeuliza useme nini kwenye mjadala wa shule: nchi iwabane wageni au iwalegezee? Mwishoni mwa 1994 nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa ukimbizini, nikapewa kazi ya kuandikisha waliokuwa wakiingia Kigali. Asiye na karatasi alitakiwa kutaja kilima cha wazee wake, yaani kijiji chao cha asili. Niliipenda sheria hiyo, maana siku zile, baada ya mauaji ya kimbari, kila mtu alitaka kujua jirani yake ni nani.

Siku moja akaja mama Mhaya, mjane wa Mnyarwanda.

"Kilima chenu?" nikamuuliza.

"Kaka, marehemu hakunitajia. Ningeweza kutaja chochote, lakini ningekuwa nimekudanganya."

Kumbe mwongo angepita, na huyu mkweli ningemrudisha! Nikampeleka kwa mkuu wangu.

"Akileta matata, nani atajibu?" mkuu akauliza.

"Mimi," nikasema, nikatia sahihi.

Mwaka mzima, kila nilipoitwa na mkuu, nilidhani ni mambo ya yule mama. Kumbe yeye alikuwa kule Kabuga, nje kidogo ya Kigali, anauza vitenge vyake kwa amani.

Sheria naitaka hadi leo. Ila mezani pawe na mtu anayeruhusiwa kumsikiliza mgeni, na aliye tayari kujibu kwa ajili yake. Wenzako wakisema hujachagua upande, waache waseme.

Babu yako akupendaye