Sauti Toka Lokandu

Mujukuu wangu Saidi,

Nakusalimia toka Kasuku. Tuko wazima wote. Dada yako Amina amejifungua mutoto mwanamuke, naye analia kwa nguvu kama wewe zamani.

Unasema ordinatere yako, ile kompyuta ya huko kiwandani, inaita pompi za maji kwa njia ya rezo, ule mtandao wa mashine, na pompi ya mbali haijibu. Unauliza sisi tulifanya nini zamani muntu asipojibu.

Wakati wa vita mume wangu, koko wako, alikwama Lokandu. Akanitumia habari kwamba asubuhi atakuwa kwenye foni ya huko, ile radio ya kusemea. Nikaenda kwa Mama Zaina aliyechunga foni ya hapa. Akanionyesha pa kufinya. Nikaita, nikangoja kidogo, nikaita tena na tena. Kimya. Machozi yakanitoka.

Mama Zaina akanishika mukono. "Ukifinya hapa, hausikii. Na kule batri yao imechoka, wanakawia kujibu. Ita mara moja, uachie, ungoje."

Nikaita. Tukangoja mpaka nikafikiri njo basi, yameisha, amekufa. Kisha sauti yake ikatoka kati ya makelele: "Mama Feza, niko hapa. Nilikuwa najibu tangu mwanzo, wewe ulikuwa unaita juu ya sauti yangu."

Jaribu basi kupanga ordinatere yako ingoje zaidi mbele ya kuita tena. Pengine pompi yako iko inajibu.

Mungu akuchunge katika kazi yako.

Koko wako,
Mama Feza