Baba na Kitabu cha Mtoto Aliyepotea

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Kifua cha wifi kimepoa? Na yule mdogo, meno yameota au bado anatafuna vidole? Huku tu wazima wa mwili. Miguu ya Mama inamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake haujambo, kama unavyomjua.

Roho yangu iko juu juu kwa sababu ya Baba. Tangu astaafu upelelezi anaandika kile kitabu chake cha mtoto aliyetekwa, nacho kimerefuka hadi Mama anasema ameletewa mke mwenza wa karatasi. Mimi ndiye ninayemchapia, nikitoka kazini kwenye kiwanda cha nguo. Mchapishaji alikirudisha: hadithi inasisimua, lakini punguza nusu. Tulipoanza kupunguza ndipo nikaona kwamba mpelelezi wa kitabuni anaingia nyumba ileile na kuchungulia chini ya kitanda kilekile, sura baada ya sura. Nikimwambia Baba tufute, anashika tama tu.

Unamkumbuka mama wa duka la nyuzi, aliyemtuma mwanawe sabuni asirudi tena? Kesi ile ilikuwa ya Baba. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Wiki iliyopita yule mama alikuja akabisha hodi. Alikuwa amesikia habari za kitabu, sijui kwa nani. Hakukubali kukaa mpaka Baba alipomsihi.

"Nasikia unamwandika mwanangu," alisema.

"Ni hadithi tu, mama. Nimebuni."

"Basi nisomee."

Kaka, Baba alisoma. Bastola, magari yakifukuzana, tajiri mwenye kovu shavuni. Yule mama alisikiliza, mikono mapajani, kisha akauliza kama mtoto anapatikana mwishoni. Baba akasema hajui. Kila mwisho anaouandika anauchana.

"Usimpate," akasema yule mama. "Ukimpata humo, watu watafunga kitabu walale. Mimi bado namtafuta."

Nilikwenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Niliporudi, Baba alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika Babu. Yule mama alikuwa akimsimulia jinsi mwanawe alivyoogopa kuku, na alivyokuwa akigoma kuvua viatu vipya hata kitandani.

"Miaka yote nilikuuliza alivaa nini tu," Baba akamwambia.

Tangu siku hiyo kitabu hakijaguswa. Chakula anakichezea, na usingizi umemhama. Mama, aliyekuwa akimtania kutwa, sasa anapita mlangoni kwake kwa kunyata.

Alhamisi alivaa suti, tukampitia yule mama, tukaenda wote watatu kituo cha polisi kuomba jalada la kesi lifunguliwe upya. La zamani halikuonekana. Askari wa kaunta, dada mmoja mpole, akasema ataanza jipya. Akauliza mtoto ana umri gani.

"Saba," Baba akajibu upesi.

Yule mama akamshika mkono. "Ana ishirini na tisa," akasema.

Askari alisita, kisha akaandika. Tulipofika nyumbani, Baba alifunua kurasa zake moja baada ya nyingine akiwa bado na viatu, akaniambia hakuna hata ukurasa mmoja ambamo yule mtoto amekua.

Kaka, mpigie Baba simu. Habari za kitabu usiziguse, muulize tu ameamkaje. Na kuna jambo jingine, ambalo hakutaka nikuandikie: anaomba picha yako. Wewe na yule mtoto mlikuwa rika moja, na Baba anataka kuona uso wa miaka saba unageuka vipi ukifika utu uzima, ili ajue anatafuta nini barabarani. Nilimpa ile ya harusi yako, akasema umejipamba mno. Tuma ya karibuni, ya siku ya kawaida, uso uonekane vizuri.

Mama anakusalimu, na shangazi pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na usiwaachie mkono njiani. Mungu awalinde mtokapo na mrudipo.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kitindamimba