Harusi ya Skola na Zamu za Mashine

Uingereza, 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, goti limekuachia kidogo? Mpunga wa bondeni umeshachanua? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka mama, nimechoka mpaka kula naona kazi.

Barua ya Skola imenifikia. Tangu baba afariki, mimi ndiye wa kumshika mkono mdogo wangu hadi altareni, naye ameniandikia: "Kaka, nyie wa Ulaya ahadi zenu nyepesi. Usipokuja mimi siingii kanisani, bwana harusi afunge ndoa na katekista." Nilicheka peke yangu chumbani.

Bosi alishanikubalia likizo, ila kwanza programu mpya iingie kwenye kompyuta yetu ya kazini. Programu ni maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Yetu yamepitwa na wakati, mapya yako kwenye kompyuta ya mji mwingine, nasi tunayavuta kwa waya wa simu. Unachapa amri, unangoja, mashine inakujibu kwenye karatasi. Simu ikikatika katikati, yote yaliyokwisha kuja ni bure, unaanza upya. Na simu za huku nazo hukatika, usidanganywe.

Tuko wanne wa zamu. Wenzangu walipochoka niliwapokea zamu zao, wiki nzima. Nilidhani ni kama kulimiana kwetu: leo shamba lako, kesho langu, hakuna anayeuliza. Ijumaa programu ikaingia nzima. Nikawaambia, haya, na nyie nishikieni zangu niende nyumbani. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Lakini sisi hizo amri hatujawahi kuzimaliza. Toleo lingine la programu likitoka, nani atalivuta?" Bosi akasikia, akaifuta likizo yangu pale pale. Wanasema mwenda bure si mkaa bure. Mimi nimekwenda sana mama, na bado nimekaa.

Nina hasira, mama. Mwambie mjomba Klementi avae koti langu la kijivu lililo sandukuni, amshike Skola badala yangu. Asitembee haraka kama kawaida yake, maana mtoto atakuwa amevaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza.

Nisalimie bibi, shangazi mwenye duka pale Kashaulili, na mama yule wa Katumba aliyekupa mbegu za maharage. Skola usimfiche mpaka siku yenyewe. Mwambie leo, alie sasa, ili siku ya harusi awe amemaliza.

Ni mimi mwanao,
Fidelis