Kitufe cha "Limekwisha" katika Barua Pepe ya Wapangaji

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati ya Wapangaji, Jumamosi, tarehe 9 Mei, chumba cha mlinzi, kuanzia saa nne asubuhi.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Katibu (mshonaji), Fundi wa Jengo, Mwanaprogramu wa ghorofa ya pili.
Mwalikwa: Bibi wa Juu, mpangaji wa ghorofa ya mwisho.
Asiyehudhuria: Mweka Hazina, kwa udhuru. Udhuru haukutajwa.

KUMB. NA. 1/05: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa ufupi. Yeye mwenyewe alichukua muda kidogo.

KUMB. NA. 2/05: VITUFE VIPYA
Mwanaprogramu alieleza kwamba, kwa ombi la Mwenyekiti, aliandika msimbo unaoongeza vitufe viwili kwenye menyu ya programu ya barua pepe ya kamati: "Limepokelewa" na "Limekwisha". Kikibonyezwa cha pili, mpangaji hutumiwa jibu kwamba tatizo lake limetatuliwa, na barua yake huondoka kikashani, yaani kwenye orodha ya barua zilizoingia. Katibu aliuliza kwa nini kamati haikuarifiwa. Mwanaprogramu alisema alidhani Mwenyekiti ndiye kamati. Mwenyekiti hakukanusha.

KUMB. NA. 3/05: LALAMIKO LA BIBI WA JUU
Bibi alieleza kwamba dari linavuja juu ya kitanda cha mumewe, aliyepooza. Kila alipoandika, alijibiwa kwamba tatizo limekwisha. Sasa mwanawe amesema hali ikiendelea hivi atamchukua baba yake, na mama aende kwa bintiye, kwani hakuna mwenye nafasi ya wote wawili. Bibi alisema hawajawahi kulala nyumba tofauti tangu waoane.

Fundi alisema hakuletewa taarifa yoyote, kwa hiyo asibebeshwe mzigo usio wake.

Mwenyekiti alisema huenda vitufe vina hitilafu. Mwanaprogramu alijibu kwamba kitufe hakijibonyezi. Ndipo Mwenyekiti alipokiri kwamba alikuwa akikibonyeza kila jioni, kwa sababu barua zikijaa kikashani hapati usingizi. Tangu enzi za ualimu alizoea kuacha meza tupu.

Bibi alisema: "Mwanangu, meza yako ilikuwa safi. Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika beseni juu ya kifua cha mume wangu."

Katibu aliona aibu, na anaomba hilo liandikwe.

KUMB. NA. 4/05: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba msimbo urekebishwe, ili barua isiondoke kikashani mpaka mlalamikaji mwenyewe athibitishe. Fundi alisema ataanza paa leo hii akipata mtu wa kumshikia ngazi. Bibi alishukuru, lakini aliomba kwanza kitanda kisogezwe, maana wingu limetanda na yeye peke yake hawezi kukisogeza.

KUMB. NA. 5/05: KUFUNGA
Kikao hakikufungwa. Saa tano na robo mvua ilianza. Mwenyekiti alisimama, akapanda ngazi mbele ya wote, na wajumbe wakamfuata.

Sahihi ya Katibu: imewekwa.
Sahihi ya Mwenyekiti: hajashuka. Mzee, mume wa Bibi, amemwomba akae naye kidogo, Bibi apate kulala.