Buibui kwenye komeo la bafu

Modesta, umewahi kufungiwa bafuni na buibui?

Leo yamenikuta. Niko na kanga moja na povu kichwani, na buibui wa njano kakaa juu ya komeo. Nikapiga kelele. Akaja nani? Mkwe wangu Luhende, mwalimu wa wadudu! Na unavyojua, mimi na mkwe hata meza moja hatukai.

Akasimama nje ya mlango, akasema: “Mama, usimuue. Hawa wataalamu waliwahamisha ukoo, yaani kundi lao la kisayansi, miaka ya tisini, na baadaye tena.”

Mimi povu linaniingia machoni, yeye ananieleza ukoo wa buibui. Ukoo!

“Mama, macho yake yamejipangaje? Ndiyo yanayoonyesha ukoo.”

Nikasema: “Baba, niko na kanga tu. Mwite mkeo anitoe, na wewe ondoka hapo mlangoni.”