Humoud Hakuugusa Mpira

Moza, pokea simu basi. Kaka yangu Humoud, na urefu wake wote ule, kafungwa tano bila na Anifa wa timu yao.

Tano bila. Na Anifa anamfika kifuani.

Si unajua alivyotamba wiki nzima hapa dukani, kwamba kwenye basketi mfupi hata awe na mbio vipi hamuwezi senta mrefu kama yeye? Leo pale uwanja wa Gerezani kasema mbele ya timu nzima, akishindwa anamwachia Anifa unahodha. Sheria kaipanga mwenyewe: mmoja kwa mmoja, wa kwanza kufunga tano kashinda, na anayefunga anabaki na mpira.

Halafu akamwambia, "Anza wewe, mdogo wangu, usije ukasema nimekuonea."

Anza wewe. Kwa mdomo wake.

Kila akiruka kumzuia, mwenzie keshapita chini ya mkono. Anafunga, anabaki na mpira. Anafunga, anabaki nao. Humoud hakuugusa hata mara moja. Mwisho Anifa akamletea mkononi: "Kaka, shika sasa."

Tumerudi dukani, hakai wala hatulii, anadai hajashindwa kwa sababu hajacheza.

Sasa hivi mteja kaomba sufuria ya shelfu ya juu, ile anayoifikia Humoud peke yake.

Humoud kamsogezea ngazi, apande mwenyewe.