Siku Nne za Mama Kuiona Dar es Salaam

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza hukuiitikia, umeshaanza kumuuliza Lukasi, "Huyo Agnesi anataka nini?" Nataka uje, Mama. Lakini kwanza niambie hali yako. Magoti yanasemaje asubuhi? Yule kuku wako mweupe amekubali kulalia mayai, au bado anazurura kwa majirani? Na wewe kaka Lukasi, unayemsomea Mama barua hii, hujambo? Soma kama nilivyoandika. Usiruke, usilainishe, wala usijitie kikohozi mahali usipopapenda. Huo ukarani wa mkonge wamekupa kwa sababu unajua kusoma, basi soma.

Sie huku hatujambo. Mie nimekuwa mkubwa kama pipa, mimba imeingia mwezi wa nane na mguu wa kushoto unavimba kila jioni. Mkunga amenikataza kupanda treni. Amesema nikithubutu nitajifungulia njiani, katikati ya masanduku ya watu. Stefano mume wangu mzima, kutwa yuko na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mhindi wake. Mjukuu wako Yustina ametimiza miaka miwili na nusu na tayari ana amri nyumbani. Hakuchukua kwangu hata kimoja. Jina lako, paji lako la uso, na ile tabia yako ya kumkazia mtu macho mpaka aseme kweli.

Mama, habari za macho yako ninazo. Usimkasirikie Lukasi, nilimbana mimi. Aliniandikia kwamba ulilisalimu koti lake lililoangikwa mlangoni, ukalivutia kigoda, halafu ukakasirika kwa kuwa haliitikii. Nilicheka, kisha nikalia mpaka Stefano akaacha kula. Lukasi aliniandikia na mengine, kwamba mganga wa hospitali alikumulika akasema jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, huenda mwaka usiishe, na dawa ya kulizuia hana. Nawe ukamkataza asinieleze kwa sababu nina mimba. Mama jamani! Mimba iko tumboni, haiko masikioni.

Basi nimepanga. Sikuombi ushauri, nakupa habari. Utakuja na Lukasi kwa treni, mtaingia Alhamisi ya juma lijalo na kuondoka Jumapili jioni. Siku nne tu, mahindi yako hayatakimbia. Lukasi amekwisha kupewa ruhusa kazini. Utamwona Yustina, na utauona mji huu ambao marehemu Baba alibeba mizigo bandarini kwake ujanani, akakusimulia kila usiku mpaka ukamwambia anyamaze watu walale.

Najua neno lililokujia mdomoni sasa hivi. "Nitakaaje kwa mkwe?" Haya, tuliseme.

Sijasahau ulipokuja mwaka ule tulipohamia Temeke, kabla Yustina hajazaliwa. Kosa lilikuwa langu. Kwetu tumelelewa kwamba mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake, wala hawalali chini ya paa moja. Mie nilimwambia Stefano, "Mheshimu mama yangu," nikadhani nimemaliza. Mtu wa Masasi yule! Kwao mwanamume akioa anahamia kwa wakwe, anamlimia mama mkwe shamba, anamchotea maji. Heshima yao ni kumhudumia mtu, si kumkimbia. Ndiyo maana aliingia na mkono mbele, "Karibu Mama!", akaketi kwenye mkeka ule ule, akamvunja kuku, akakuwekea paja sahanini kwa mkono wake, kisha akalamba vidole. Nawe ukajifunika kanga ukageukia ukuta, ukalala na njaa, na alfajiri ukauliza njia ya stesheni, mji wenyewe hukuuona. Mwaka mzima Stefano aliamini kuku yule hakuiva.

Sasa amefundishwa. Tena amefundishwa na Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wetu, mjane wa hapa hapa pwani, ambaye maneno hayamkauki. Nilipomweleza shida yangu akasema, "Basi mkwe nitakuwa mie. Tutoke Jumapili, tufanye safari yote kama atakavyofanya mama yako, tuone huyu mumeo atakosea wapi." Nikamwambia Bi Mwanaidi, usitie mzaha. Akaniapia kwamba hana mzaha. Mama, alikuwa nao tele.

Jumapili tulipotoka kanisani alikuwa anatungoja amejitanda kanga mbili, limebaki jicho moja. Akampigia Stefano kelele kutoka barazani, "We mkwe! Ukigeuka nyuma ntakufa kwa haya, na damu yangu iwe juu yako!" Maskini Stefano akatangulia hatua ishirini, Yustina mabegani, na sisi nyuma. Katika basi la Kariakoo aliketi mbele kabisa, akakaza shingo asije akageuka kwa bahati mbaya, mpaka kondakta akamuuliza kama ana jipu. Stefano akajibu, "Nina mama mkwe." Kondakta akamwambia pole.

Kariakoo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna hoteli ya Mwarabu mmoja Mshihiri, pilau yake unainusa kabla hujaiona. Mtumishi wa hoteli alipotuona na mtoto mmoja akatuhesabu watu wa nyumba moja, akatuweka wote meza moja, na kabla sijafungua mdomo sahani zikashuka. Stefano akamwona Bi Mwanaidi, Bi Mwanaidi akamwona Stefano. Bibi akapiga ukelele, "Toba! Mkwe kaniona natafuna!" Naye hakuwa ametafuna hata punje. Stefano akashtuka, akanyakua sahani yake akatoka mbio mlangoni na pilau mkononi. Mtumishi nyuma yake, "Mwizi wa sahani! Mshikeni!" Nusu ya mtaa ikasimama. Nikamkuta amezungukwa na watu, anahema, wali umemwagika kwenye viatu, anasema, "Siibi jamani! Namheshimu mkwe wangu!"

Mwenye hoteli akaja na ndevu zake nyeupe. "Mkweo yuko wapi?" Bi Mwanaidi akatoa kidole kimoja chini ya kanga, "Mie hapa." Mzee yule alicheka mpaka akatafuta kiti. Lakini ni mtu mwema. Alipokwisha kufuta machozi nikamweleza habari zako, akaacha kucheka. Akanionyesha chumba cha uani chenye pazia ambamo wanawake hula peke yao, akasema Ijumaa mchana atakiweka wazi kwa ajili yako, na sahani ataileta mkewe mwenyewe. Basi Ijumaa mimi, wewe na Yustina tutakula ndani ya pazia, Stefano na Lukasi watakula nje barazani. Utatafuna mpaka uchoke na hapana mkwe atakayekuona. Unaona jinsi nilivyojipanga?

Kulala usikuwazie. Usiku wote Stefano atakuwa Keko kwa fundi mwenzake, mambo yamekwisha. Utalala kitandani kwetu na Yustina. Anapiga mateke, nakuambia mapema.

Sasa matembezi. Nyumba ya makumbusho nimeifuta, ingawa kila mgeni hupelekwa. Vitu vyake vidogo vidogo, tena vimefungiwa vioo, na humo ndani mwanga ni hafifu. Nimekuchagulia vitu vikubwa, na vyote tutavitazama mchana. Jumamosi tutakwenda bandarini mapema, uzione meli. Juzi niliona moja imefunga gatini, nikailinganisha na kanisa letu la Kilosa, kanisa lingeingia ndani mara tatu na mchungaji asijue alipo. Hapo ndipo Baba alipokuwa akipandisha magunia. Tutapanda pantoni tuvuke Kigamboni na kurudi, upate upepo wa bahari usoni, na tukirudi Kivukoni tutakula samaki wa kukaanga na ndimu. Najua hupendi samaki wa maji ya chumvi. Utawapenda.

Tutapita mbele ya hoteli kubwa ya Wazungu, ile ya ghorofa. Hatuingii, sie hatukaribishwi mle hata tukiwa na viatu, lakini barabara si yao, tutasimama ng'ambo tuitazame mpaka tutosheke. Mmoja wa wapishi wao ni jirani yetu hapa Temeke. Amenihakikishia kwamba wanakula viazi vya kuchemsha bila chumvi wala pilipili, kwa hiyo usisikitike. Halafu kuna Mhindi mmoja karibu na duka la tajiri wa Stefano, anauza sambusa za moto na barafu ya maziwa. Barafu hiyo, Mama, ukiitia mdomoni utadhani meno yamepigwa nyundo, kisha unataka nyingine. Kinondoni sikupeleki. Huko ni minazi na mashamba ya mihogo, na mihogo unayo nyumbani.

Jumapili asubuhi kanisani, mchana Mnazi Mmoja kuna bendi inapiga tarumbeta, zinang'aa kama sufuria mpya, hizo utaziona hata ukiwa mbali. Jioni treni. Sina la kuongeza.

Ila liko moja, na hili si langu, ni la Stefano. Jana usiku nilikuwa nikijisifia mpango wangu, naye anashona vifungo kwenye shati la mtu. Akaniambia, "Mama Yustina, mwandikie mama yako hivi. Kama kuwapo kwangu ndiko kunamzuia, mie nitakaa huko huko Keko siku zote nne, usiku na mchana. Asinione hata kisogo. Amwone mtoto." Nikamwambia, nawe je? Pilau ya Ijumaa, meli, bendi? Umeomba ruhusa kwa tajiri kwa ajili hiyo. Akasema, "Meli mie naziona kila siku."

Sikulipenda neno hilo, nakuambia kweli. Nataka na wewe umwone mtu aliyenioa, japo mgongo wake tu, hatua ishirini mbele, na mtoto mabegani. Ni mtu mfupi, mwendo wake wa haraka, akifurahi anatembea kama anacheza. Lakini nimemwahidi nitaliandika, nimeliandika. Hilo tu nakuachia uchague. Ukisema asionekane, hataonekana, na hakuna atakayenuna. Mengine nimekwisha kuyapanga na sitaki kubishana.

Unajua mie si mtu wa kuogopa ovyo. Nilikuja mji huu na sanduku moja na leo wanaonijua Temeke hawahesabiki. Lakini hili naliogopa, Mama. Naogopa utakaa Kilosa unalinda heshima yako mpaka giza likuingie, halafu siku moja uniambie, "Mlete mtoto nimpapase uso." Nitamleta, nitafanyaje? Lakini moyo wangu hautapona siku hiyo.

Haya, nisalimie watu. Nisalimie shangazi yangu, mwambie kipande cha kitenge alichoagiza kipo, aache kunitumia maneno kwa kila abiria wa treni. Nisalimie mchungaji na mkewe. Nisalimie jirani yako wa kisimani, yule aliyenisuka nywele siku ya harusi, ndiye atakayekulishia kuku wako siku hizo nne, Lukasi amekwisha kusema naye. Mke wa Lukasi mwambie nimemsamehe ule mchele. Bi Mwanaidi anakusalimu sana, anasema ameujaribu ukwe na umemshinda, anakungoja mwenyewe uje ushike kazi yako. Stefano anakuamkia kutoka mbali, ameniomba niandike hivyo hivyo, "kutoka mbali."

Lukasi, kwa siku ya kufika nisikilize vizuri. Treni inaingia asubuhi, jua limekwisha kutoka. Usimharakishe Mama kushuka, waache wenye mizigo wapite kwanza. Mshike mkono kwenye ngazi, kisha umwachie.

Nawe Mama, kaka ameniambia kwamba rangi nyekundu bado inakufikia hata kwa mbali. Stefano amemshonea Yustina gauni jekundu, jekundu kabisa, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Nami sitasimama kivulini kwa watu, nitakaa nje juani, naye nitampakata juu ya hili tumbo langu. Ukishuka usinitafute mimi. Tazama palipo pekundu. Huyo ndiye Yustina.

Mwanao anayekungoja,
Agnesi